Matilda wa Vinu vya Maji

Asubuhi moja ya mwaka 1950, katika misheni ya Kikatoliki iliyokuwa kusini ya mji wa Iringa, msichana aliyeajiriwa kupepeta mahindi aliweka ungo chini akakimbia. Aliitwa Matilda binti Liberatus. Hakumuaga mtu. Alipita nyuma ya jiko, akapanda kilima akifuata mfereji, akafika pale maji yanapoingia kwenye bomba kubwa la kushuka kwenye mtambo wa kusaga, na bila kuvua kitu akaingia majini mpaka kiunoni. Ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ya kupasua midomo. Wavu wa kuzuia takataka ulikuwa umezibwa na majani na matawi. Akayavuta kwa mikono mpaka maji yakapita tena, na kule chini mawe ya kusagia yakashika kasi.

Alipogeuka alimkuta Bruda Joachim amesimama ukingoni, anahema.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Bruda. Nimesikia mashine inazimia."

"Wapishi wote walikuwa pale. Mbona wao hawakusikia?"

Matilda akatoka majini. Yeye tangu alipoajiriwa alikuwa akisikiliza ule mlio kutwa nzima, kama wengine wanavyosikiliza kengele ya chakula. Ulipobadilika, miguu iliondoka yenyewe.

"Nenda ukabadili nguo," Bruda akasema. "Kesho usiende jikoni. Njoo kwangu."

Huyu Bruda Joachim alijulikana toka misheni mpaka mjini. Hakuwa padre, alikuwa injinia. Kwao Ulaya alijenga mabwawa milimani kabla hajaingia utawani, na alipoletwa Iringa akajenga kila kitu ambacho watu wa pale walikiona kikubwa: paa la kanisa, daraja la mawe lililopitisha malori, na mtambo uliosaga mahindi mchana na kuwasha taa za kanisa jioni. Mkono wake wa kushoto ulipondwa na jiwe zamani, vidole vyake viwili havikukunjika. Alikuwa na ulimi mkali hata kwa mapadre. Vijana aliowaajiri kusafisha ule wavu walikuwa wanamkimbia mmoja baada ya mwingine, wengine kwa sababu ya baridi ya maji, wengine kwa sababu yake.

Matilda hakukimbia. Alijifunza kupaka beringi grisi, kuunga mkanda uliokatika, kutumia timazi na pima maji kujua kilichosimama wima na kilicholala sawa. Bruda alifundisha neno mara moja tu; ukimwuliza tena alikunja uso akaenda zake. Lakini kuna jambo moja alilolirudia kila walipokwenda mtoni, akichora kwa fimbo kwenye mchanga.

"Mto usiuzuie usoni. Uombe maji kidogo, pembeni, halafu uuache upite na hasira zake."

Siku nyingine, akiwa na moyo wa kuzungumza, alimsimulia habari za mabwawa aliyojenga ujanani. Alisema hakuna hata moja alilokaa kulitazama likijaa. Ukuta ukikamilika tu, yeye alikuwa ameshaanza kufikiria bonde jingine. Mama yake alifariki yeye akiwa juu ya mlima anapima mwamba, na habari zikamfikia mazishi yamekwisha.

"Kwa nini hukurudi nyumbani mapema, Bruda?"

"Nilikuwa nasema nitarudi kazi ikiisha." Akamtazama. "Huu ni ugonjwa, Matilda. Na wewe unao. Nimekuona unavyotembea."

Matilda alicheka siku ile. Alikuwa na umri wa kucheka.

Mwaka 1952 kifua cha Bruda Joachim kiliharibika, wakamrudisha Ulaya. Mahali pake wakaja vijana wawili waliotoka shule ya ufundi. Walikuwa vijana wazuri na kazi waliijua. Padre mkuu akamwita Matilda, akamwambia kwa upole kwamba sasa mtambo una watu wake, na jikoni bado wanamhitaji. Matilda akarudi kwenye ungo. Lakini kila mlio ulipopanda au kushuka mikono yake ilisimama, na mahindi yakamwagika. Haukupita muda akaaga, akarudi kwa baba yake, na huko akawa anatembea tu. Asubuhi yuko bondeni, mchana yuko kilimani. Mzee Liberatus akaona dawa yake ni mume.

Mume alikuwa Kasian, mpasua mbao wa kijiji cha jirani, mtu mtaratibu asiyependa kuhama. Alikuwa na msumeno mrefu wa watu wawili na uvumilivu wa kuuvuta kutwa nzima. Matilda alimpenda kwa sababu hakumwuliza anawaza nini. Walifunga ndoa, wakapata mtoto wa kiume, wakamwita Didas. Miti ya kupasua ilipoanza kuwa haba, Kasian akasikia kwamba huko Usangu, upande wa Rujewa, mashamba ya mpunga yanatafuta watu wa mifereji. Akaingia kwenye lori na mkewe na mtoto mgongoni, wakashuka kutoka kwenye baridi.

Rujewa ilimshinda Matilda tangu siku ya kwanza. Hakusumbuliwa na joto, wala mbu, wala vumbi la ng'ombe. Maji ndiyo yalimsumbua. Nchi yote ilikuwa bapa kama ungo, na maji kwenye mifereji yalikwenda polepole mpaka ukitupa jani unasubiri kujua linaelekea wapi. Kasian alifurahi: kazi ya kila siku, nyumba ya udongo iliyo kavu, wali usioisha. Matilda alipika, akafua, akambeba mtoto, na katikati ya hayo yote alikuwa anazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mwisho akatengeneza gurudumu. Alitumia matete na vipande vya masanduku ya sabuni, akalifunga kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Likazunguka kwa kujikokota, kama mtu anayetoka kitandani baada ya homa. Majirani walipita wakitazama pembeni. Wakasema mke wa Kasian ana jambo lake kichwani.

Nyapara wa mifereji alikuwa Asukile, Mnyakyusa wa upande wa Rungwe, mtu mnene mwenye sauti. Alikuja kwa hasira kwa sababu maji yalikuwa hayafiki vizuri shamba la mbele.

"Nani amefunga hiki?"

"Mimi," Matilda akasema.

"Kinafanya nini?"

"Hakifanyi kitu. Maji ya hapa yamechoka, hayawezi kusukuma kitu."

Asukile akachuchumaa. Hasira zikamtoka kidogo kidogo akitazama vile visanduku vinavyojaa na kumwaga. Akaanza kucheka.

"Dada, ungeyaona maji ya kwetu. Mto uko chini ya nyumba ya mama yangu, unashuka mpaka mkisimama kando yake hamsikilizani. Nao hauna kazi yoyote, unapiga kelele tu. Wanawake wa pale wanabeba mahindi mpaka mjini Tukuyu kwenye mashine ya mafuta. Wanaondoka alfajiri, wanarudi na unga jua linazama. Mama yangu mgongo umekwisha."

"Unashuka kutoka wapi mpaka wapi?" Matilda akauliza.

Asukile alinyoosha mkono juu, kisha chini, akijaribu kuonyesha. Siku hiyo Matilda hakula. Jioni alimtandikia Kasian mkeka, akakaa mbele yake, akasimama, akakaa tena.

"Baba Didas, nataka kwenda kuuona mto wa kwao Asukile."

"Kuuona tu?"

Matilda akasimama tena.

"Hapa tuna nyumba," Kasian akasema. "Tuna kazi. Mtoto ameanza kuzoea watu. Unakimbia nini, Mama Didas?"

"Ningekuwa nakimbia ningejua ninachokikimbia."

Kasian alikuwa anasugua msumeno wake kwa mafuta, msumeno ambao pale Rujewa haukuwa na mti wa kukata.

"Kwao kuna miti?" akauliza.

Baada ya mavuno Asukile alikwenda likizo, wakafuatana naye. Walipita Mbeya, wakapanda lori jingine la kwenda Tukuyu, wakashuka njiani kwenye migomba na ukungu. Mama yake Asukile, Mama Sekela, mjane mwenye macho makali na mgongo uliopinda, aliwapokea kwa ndizi na maharage. Kabla chakula hakijaisha Matilda alikuwa ameshauliza njia ya mtoni.

Asukile hakuwa ametia chumvi. Mto ulitoka juu kwenye msitu, ukajibana kati ya miamba myeusi, ukaruka, ukatulia kidogo, ukaruka tena. Matilda alisimama kwenye manyunyu mpaka nguo ikamganda. Alirudi akiwa anatetemeka, na Kasian alipomwona tu alijua Rujewa imekwisha.

Mama Sekela aliwapa kipande cha ardhi kando ya mto, chini ya migomba yake. Asukile akarudi kazini kwake. Kasian alipata miti kuliko alivyoota, akawa anapasua mbao, na Matilda akawa anapima. Mawe ya kusagia yalichongwa kutoka kwenye jiwe jeusi la mlima. Shafti, yaani mhimili wa gurudumu, ilikuwa gogo la mti mgumu. Watu walikuja kutazama, wakaondoka wakitikisa vichwa, wakarudi kesho yake.

Lilibaki suala la maji. Ili kuyaleta kutoka pembeni, kama Bruda alivyofundisha, ilibidi kukata mfereji kwenye bega la mwamba. Ilikuwa kazi ya miezi, na mvua zilikuwa zinakaribia. Matilda aliutazama ule mwamba siku kadhaa. Kisha akaamua kujenga ukuta wa magogo na mawe katikati ya mto wenyewe, uyasukume maji yote moja kwa moja kwenye gurudumu.

Kasian aliweka shoka chini. "Bruda ndivyo alivyokufundisha?"

"Bruda hayupo."

"Mvua zikija je?"

"Zikija tutakuwa tumeshasaga."

Na kweli walisaga. Siku gurudumu lilipozunguka wanawake walipiga vigelegele, unga ukatoka mweupe na wa moto, Mama Sekela akauchovya kidoleni akauramba. Kwa wiki chache watu walikuja na vikapu, na Matilda alikuwa mchovu na mwenye furaha, na tayari alikuwa anamwuliza kila mgeni kuhusu mito ya kwao.

Kisha mvua ya Rungwe ikaanza, mvua ambayo mtu wa Iringa haijui. Ilinyesha bila kupumzika. Siku moja alasiri mto ulibadilika rangi, ukaanza kuja na magogo. Ukuta ulikuwa unalia. Kasian akashuka na shoka kulikata gurudumu lisiburute nyumba ya mashine. Matilda alimpigia kelele arudi. Kelele hizo hazikumfikia. Ukuta ulipasuka katikati, maji yakaja kwa mkupuo, gogo moja likampiga Kasian mguuni likamrusha kwenye matope ya ukingoni. Lingempiga kidogo tu upande wa pili, angekwenda na gurudumu.

Walimbeba kwenye machela mpaka hospitali ya misheni. Mfupa ulikuwa umevunjika vibaya. Daktari aliufunga, akasema atatembea, ila mguu hautakuwa sawa. Kule nyumbani, nyumba ya mashine ilikuwa imekwenda, na migomba ya Mama Sekela, safu nzima ya chini, ilikuwa imelazwa na kuzolewa.

Kwa siku za kwanza Matilda hakuweza kukaa kando ya kitanda. Alikuwa anafika hospitali, anaweka chakula, anaondoka. Mchana alikuwa mtoni, anapanda na kushuka kingo, anatazama alama za maji kwenye miti. Huko ndiko Mama Sekela alikomkuta, amemshika Didas mkono.

"Mwanangu, mto huu umechukua migomba yangu, na umechukua mguu wa mume wako. Bado unatazama nini?"

"Natazama maji yalikopita, Mama. Nataka kujua yalifika wapi."

"Na Kasian anatazamwa na nani?"

Matilda akamchukua mtoto, akaenda hospitali, akavuta kigoda akakaa. Kasian alikuwa ameelekea ukutani. Mtu huyu hakuwa amemkaripia mkewe tangu waoane, na hata siku ile hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema Bruda hayupo. Mimi nilikuwepo."

Matilda alilia, na machozi hayakupunguza kitu. Alikaa pale. Alikaa na kesho yake, na siku zilizofuata, akimwosha, akimgeuza, mikono yake ikitafuta kazi na kukosa, mpaka akawa anafumua na kusuka upya ukindu wa mkeka wa wodini. Kazi zote alizowahi kufanya, kuingia maji ya Julai, kuchonga jiwe, hazikumshinda kama kile kigoda.

Siku Kasian alipoanza kujaribu kutembea na gongo, Matilda alisema, "Tukitoka hapa turudi kwetu Iringa. Nitalima. Sitagusa maji tena."

"Usiniongopee," Kasian akasema. "Utalima msimu mmoja, halafu nitakukuta umesimama bondeni. Ninachotaka ni kingine. Ukiwa na haraka, niambie una haraka. Usiniambie mambo ya mvua na Bruda. Nikijua una haraka, na mimi nitajua pa kusimama."

"Nilikuwa na haraka," Matilda akasema.

"Basi." Akaegemea gongo. "Na kwetu haturudi. Migomba ya Mama Sekela ataipanda nani?"

Waliipanda wao, kiangazi cha 1956 kilipoanza, Matilda akichimba mashimo na Kasian akisogeza machipukizi akiwa ameketi. Mama Sekela aliwatazama kutoka mlangoni siku nyingi. Ilipopandwa ya mwisho, alishuka mwenyewe na uji, akauliza, "Sasa ule mwamba mtaukata lini?"

Waliukata kwa moto. Matilda aliwasha kuni juu ya jiwe mpaka likawa la moto mkali, kisha wanawake wakamwagia maji ya baridi ya mto, jiwe likalia na kupasuka, wakang'oa mapande kwa mitaimbo. Wanawake walikuja kwa zamu, wenye mahindi ya kubeba ndio waliokuja zaidi. Mfereji ulisogea kwa upana wa kiganja, siku nyingine hata hivyo haukusogea. Matilda alikuwa anauma midomo. Kuna asubuhi alizotaka kutupa mtaimbo na kujenga tena ule ukuta. Siku kama hizo alikwenda kwa Kasian, aliyekuwa anachonga mbao za gurudumu jipya, akasema, "Leo nina haraka." Kasian alimpa upande mmoja wa msumeno, wakapasua mbao mpaka mikono ikamlegea, kisha akarudi kwenye mwamba.

Shafti ya mti haikumridhisha tena. Alitaka ya chuma. Akasikia kwamba Mbeya kuna ua wa vyuma vikuukuu, kwa kuwa migodi ya dhahabu ya huko Chunya ilikuwa inafungwa na mali yake kuuzwa. Akamwacha Didas na Kasian, akapanda lori na gunia la kahawa ya Mama Sekela.

Ua ulikuwa nyuma ya soko, wa mfanyabiashara aitwaye Ahmadi, lakini Ahmadi alikuwa safarini na aliyeuendesha alikuwa mkewe, Mwantumu. Alikuwa mama wa makamo aliyejifunga kanga mbili, Kiswahili chake kikitiririka kama cha watu ambao babu zao walitoka pwani.

"Karibu, dada. Masufuria yako upande ule."

"Natafuta shafti, mama."

"Shafti ya nini?"

"Ya gurudumu la maji. La kusagia."

"Mumeo amekupa kipimo chake?"

"Kipimo ninacho mimi. Mume wangu anachonga mbao, mguu wake hauwezi safari."

Mwantumu akamwonyesha lundo la vyuma. Matilda aliingia humo kama mtu aliyepotelewa na mtoto. Alivuta vyuma, akaviviringisha juu ya sakafu ya saruji ya kibaraza, akilala kifudifudi kuona kama vinayumba. Vingi vilikuwa vimepinda. Mwantumu aliagiza chai, akamwita mara mbili, chai ikapoa.

"Hebu pumzika. Chuma hakitakimbia."

"Lori linaondoka mchana."

"Na kesho kuna lori jingine." Mwantumu akatabasamu kidogo. "Wewe unafanana na bwana wangu. Tangu tuoane, hajamaliza mwaka bila kusema tuhame. Twende Tabora, twende Lusaka. Nimezaliwa Iringa, nimeolewa Mbeya, nikamwambia mimi hapa ndipo nilipofika. Wewe zunguka. Mmoja wetu lazima akae mahali ambapo mtu akimtafuta atamkuta."

"Na yeye anakubali?"

"Anarudi," Mwantumu akasema. "Kila mara anarudi na hasira za njiani, anakula, analala, siku ya tatu anaanza kuchungulia barabarani. Nilikuwa nalia zamani. Sasa namfungia chakula."

Matilda alikaa akanywa ile chai ya baridi, na lori la mchana likaondoka bila yeye. Alasiri, chini kabisa ya lundo, walipata shafti iliyonyooka, pamoja na beringi zake. Walielewana bei kwa lile gunia la kahawa.

Kutoka barabarani mpaka mtoni wanaume wa kijiji waliibeba mabegani wakiimba. Mfereji ulikuwa umepita mwamba. Mwanzoni mwake Matilda aliweka lango la mbao la kupandisha na kushusha, na mto wenyewe akauacha upite bila kuguswa. Siku ya kufungua, watu walitaka yeye ndiye apandishe lango. Akamwita Kasian. Kasian alishuka polepole na gongo lake, akavuta kamba. Maji yakaja mferejini kwa adabu, yakajaza sanduku la kwanza, la pili, gurudumu likasita, likaanza. Mama Sekela alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Mvua zilipokuja walishusha lango. Mto ulipanda, ukapita na magogo yake kando, ukang'oa miti upande wa pili, ukashuka. Matilda alipanda na kushuka ukingo msimu mzima, hakuna aliyemzuia, na kinu kilibaki mahali pake.

Habari zilisambaa. Mwaka 1958 wakaja wazee wa kijiji kimoja cha upande wa Iringa, walioambiwa na madereva wa malori kwamba huko Rungwe kuna mwanamke wa Kihehe anayejenga mashine za maji. Waliketi na Kasian kwanza, kama desturi, wakamweleza haja yao. Kasian aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Injinia ni yule," akasema, akamwonyesha Matilda aliyekuwa juu ya lango na nyundo.

Baadaye, wageni walipokwenda kulala kwa Mama Sekela, mume na mke waliongea mlangoni, Didas akichezea maranda ya mbao.

"Nitabaki," Kasian alisema. "Mguu huu na malori havielewani, na kinu hiki kinataka mtu. Wewe nenda kiangazi. Mvua zikianza uwe hapa, sababu mvua za hapa sitakaa nazo peke yangu."

"Na mtoto?"

"Mwulize mwenyewe."

Didas alisema anataka kubaki na baba na mashine. Alilisema bila kufikiri, na Matilda akaona limemkata mahali ambapo hakutegemea. Nusura aseme haendi. Alisimama pale akiwa na maneno hayo mdomoni, na bado akaenda. Toka Mbeya, kupita tambarare za Usangu, mpaka lori lilipoanza kupanda kuelekea Iringa, alikuwa anafikiria uso wa mtoto, na katikati ya kufikiria huko alijikuta anahesabu miteremko.

Wenyeji wa kijiji kile walikuwa wamechinja mbuzi. Walikuwa wameshakusanya mawe na magogo, wameshachagua na mahali, na mwenyekiti wao alikuwa na hotuba. Matilda aliwasalimia kwa Kihehe, "Kamwene," akaomba kwanza aonyeshwe mto. Akashuka. Akatembea nao juu na chini, akaingia mpaka magotini, akachukua siku hiyo na ya pili kupima kwa kamba na pima maji, akiuliza wazee maji hufika wapi mwaka wa mvua nyingi na hukauka wapi mwaka wa kiangazi kirefu. Siku ya tatu aliwaita.

"Hapa haitawezekana," alisema. "Maji yatatosha miezi michache, halafu mtabaki na gurudumu la kuangalia."

Mmoja wa wazee alikasirika. "Tumekutoa mbali, mama. Magogo tumeshayakata. Si ujaribu tu?"

"Nilishajaribu mahali fulani."

Walinung'unika. Mwenyekiti aliikunja hotuba yake. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema kuna kijito kingine, nyuma ya kilima, ila njia yake ni mbaya na hakuna anayekwenda huko ila wachoma mkaa.

"Kinakauka?" Matilda akauliza.

"Sijawahi kukiona kimekauka."

Matilda alikuwa ameshasimama. Akakunja kamba yake, akafunga kanga kiunoni, akamwambia yule mama atangulie.